Meno Ishirini na Saba

Karakana iko nyuma ya kiwanda cha malori kilichokufa,
hapa Kutaisi, ng'ambo ya mto Rioni.
Mlango wake haufunguki kwa adabu, sharti uusukume kwa bega.
Niliusukuma Jumanne moja ya Februari, theluji shingoni,
na gia ya cherehani ndani ya kifuko cha dawa:
ya plastiki, imepasuka, haitengenezwi tena popote.

Aliyenipokea alikuwa Badri.
Badri Lomsadze, dawati la mwisho, dirishani,
niliyemwandikia mbili kwa tano, wino mwekundu,
chini ya duara alilolichora likafanana na kiazi.
Hakunikumbusha. Afadhali angenikumbusha.
Alipangusa mikono kwenye aproni, akauliza:
"Mwalimu, ina meno mangapi?"

Miaka thelathini na moja nimefundisha duara,
kipenyo, nusu kipenyo, pai na mkia wake usioisha,
na sikuwa nimewahi kuhesabu meno ya kitu.
Nilihesabu mara tatu, kila mara jibu jingine.
Mtoto mmoja, Tsotne, gundi imemkaukia kwenye nyusi,
akaninong'oneza: "Tia alama pale unapoanzia, bibi."
Ishirini na saba.

Nyuzi mia tatu na sitini, gawa kwa ishirini na saba:
kumi na tatu, nukta, tatu, tatu, tatu...
Zamani ningeweka kitone juu ya tatu,
nikafuta ubao, nikaenda zangu kula.
"Sasa hapa," akasema Badri, "hizo tatu zitakoma wapi?
Jino lazima liishe, ndipo la pili lianze."

Tukachora. Mashine ikashusha uzi wa plastiki ya moto,
tabaka juu ya tabaka, polepole,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.
Gia ya kwanza ilisinyaa ilipopoa.
Ya pili ikacheza kwenye mhimili kama kiatu cha kuazima.
Nilitafuta wa kumlaumu. Hapakuwa na mtu,
wala wino mwekundu hapakuwa;
Lamzira tu, akigongelea misumari mizinga yake ya nyuki,
akasema bila kuinua kichwa:
"Mimi, wa saba ndio uliokaa."
Akaendelea kugonga.

Ya tatu ilikuwa karibu. Karibu tu.
Badri hakurudi kwenye kompyuta.
Alinipa tupa ndogo yenye mpini wa mti,
akanionyesha mara moja namna ya kuilaza,
kisha akanipa kisogo, akaenda kuchemsha chai.
Sijawahi kumpa mwanafunzi kisogo namna ile.
Nikasugua. Nikapima. Nikasugua.
Vumbi jeupe likatua kwenye mistari ya kiganja,
nikadhani chaki, nikalipuliza kwa mazoea.
"Andikeni baki," nilikuwa nikiwaambia, "baki halitupwi."
Kumbe baki lina unene. Lina harufu.
Kidole gumba hulisikia kabla jicho halijaliona.

Saa mbili usiku gia ilikaa.

Tukinywa chai nikamwuliza, macho yangu kikombeni,
juu ya lile duara.
"Lile? Nje palikuwa na baiskeli ya mlinzi,
upepo umeiangusha. Gurudumu nililiona kwa ubavu.
Nikachora nilichokiona."
Akaomba sukari.

Nyumbani cherehani iliguna, ikashika, ikaenda.
Nilishona pindo la pazia ambalo halikuhitaji pindo,
nyuzi zikipita, nisizihesabu.
Kuna jino moja nililolisugua kupita kiasi.
Kila mzunguko likifika, hutoa mlio mdogo: tk.
Sijalirekebisha.